Usilipe hiyo milioni 19 kabla hujajua betri inakula uniti ngapi

Mkuu, usilipe. Usitume hata hiyo laki tano ya "kushikilia gari" mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba umepata gari la umeme, Nissan Leaf ya 2014, betri ya kilowati-saa 24, kilomita elfu 58, milioni 19 pamoja na usajili, na dalali amekuhakikishia betri iko kama mpya kwa sababu vijiti vyote 12 vinawaka kwenye dashibodi. Umeuliza mengi: bima, chaja ya nyumbani, rangi nyeupe kama inashika bei, na kama gari litakufikisha Morogoro kwa wazazi. Mimi nashika hilo la vijiti. Nimelisoma nikapandwa na jazba, maana maneno ya dalali wako ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi, na gari nililouziwa nalo lilikuwa na vijiti 12.

Kwanza ujue vijiti vyenyewe ni nini. Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna safu mbili zimesimama sambamba. Ile ya vijiti virefu ni chaji, inapanda na kushuka kila siku. Ile ya vijiti vidogo pembeni yake ndiyo uwezo wa betri, yaani inaweza kubeba umeme kiasi gani ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Vipo 12, viwili vya chini ni vyekundu. Sasa shika hili: kijiti cha juu kabisa hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake. Baada ya hapo kila kijiti kinachozimika ni kama asilimia 6 na robo. Kwa hiyo hata gari lenye vijiti 12 halali, ambavyo hakuna aliyevichezea, linaweza kuwa na betri ya asilimia 99 au ya asilimia 86, na dashibodi itakuonyesha picha ile ile. Vikibaki 9 betri iko kati ya 72 na 66. Vikibaki 8 imeshuka chini ya 66, na hapo ndipo Nissan walipoweka mstari wa dhamana yao baada ya wamiliki wa Arizona kule Marekani kulalamika mwaka 2012 kwamba joto la jangwani linamaliza betri zao: kufika vijiti 8 ndani ya miaka mitano au maili elfu 60, kampuni inaishughulikia betri. Dhamana hiyo haikuhusu wewe wala mimi. Gari lililotolewa Japani likashushwa bandarini Dar halina wa kulidai, na la 2014 muda wake umekwisha kitambo.

Hapo nimesema vijiti halali. Vya hilo gari lako hujui kama ni halali, na kwa kuvitazama huwezi kujua.

Vijiti vinarudishwa, mkuu. Kompyuta ya betri haina namna ya kuchungulia ndani ya seli. Inakadiria uwezo kwa kufuatilia umeme unaoingia na unaotoka, na inajifunza taratibu kadiri gari linavyotumika. Mtu mwenye kifaa cha uchunguzi na programu inayofaa anaweza kufuta yote iliyojifunza, ikaanza upya ikiamini kwamba betri ni mpya. Papo hapo vijiti 12 vinawaka. Hakuna seli iliyobadilishwa, hakuna bolti iliyofunguliwa chini ya gari. Kisha mnunuzi analichukua, anaanza kuliendesha na kulichaji, kompyuta inajifunza ukweli upya, na vijiti vinaanza kuzimika kimoja baada ya kingine kwa wiki na miezi inayofuata. Wakati huo pesa yako imeshaingia kwenye gari jingine la yadi hiyo hiyo.

Langu lilikwenda hivyo hivyo.

Sisi tunakaa Kibaha, mke wangu anafanya kazi Posta, katikati ya Dar. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 80. Mafuta yalikuwa yanatumaliza, na hesabu ya gari la umeme ilikaa vizuri sana kwenye karatasi: Leaf ya 24 ya miaka ile, ikiwa mpya, Wamarekani waliipima kilomita 135 kwa chaji moja. Ukitoa kiyoyozi na foleni ya Kimara, bado unarudi nyumbani na akiba. Muuzaji alikuwa na namba tamu zaidi, alisema kilomita 228. Namba hiyo ipo kweli, ni ya kipimo cha zamani cha Kijapani kilichoitwa JC08, kipimo cha maabara cha mwendo wa pole ambacho hakuna binadamu anayekifikia barabarani, si Tokyo wala Ubungo. Alikuwa akiitaja kama vile ameliendesha mwenyewe. Tulizunguka naye mitaa michache, gari kimya, AC inapuliza, vijiti vyote vinawaka. Tukalipa.

Mwanzo lilikwenda vizuri, kwa sababu mke wangu hakuwa na haraka ya kulizoea na mara nyingi alikuwa akienda nalo karibu. Siku alizoanza kwenda mjini kila asubuhi ndipo mambo yakageuka. Anaondoka na asilimia 100, anafika Posta na zaidi ya nusu, jioni anaanza kurudi na dashibodi inamwambia anatosha. Jioni moja, mvua inanyesha, amebeba mtoto aliyempitia kwa bibi yake Kimara, amefika Mbezi na dashibodi inaonyesha kama theluthi ya chaji. Kabla ya Kibamba namba ikaanza kuporomoka, si kushuka, kuporomoka. Alama ya kobe ikawaka. Kwa ambaye hajawahi kuiona: kobe maana yake gari limekunyima nguvu, unakanyaga na halikubali. Akasogea pembeni ya Morogoro Road gizani, malori ya mikoani yanampita yakimwaga maji kwenye kioo, mtoto analia nyuma. Nilimfuata kwa bodaboda. Nikimkumbuka yule muuzaji na mkono wake juu ya boneti, "bosi, hii betri ni mpya kabisa", mpaka leo nashindwa kutulia.

Kilichotokea Mbezi kinaeleweka ukishajua mchezo. Kompyuta ilidanganywa kwamba tenki ni kubwa, kwa hiyo ilikuwa inagawanya asilimia kwa ukubwa ambao haupo. Theluthi iliyokuwa inaonyeshwa haikuwa na umeme ndani yake. Seli zilipofika chini, volti zikaanguka, kompyuta ikagutuka na kukata nguvu ili kuilinda betri. Dashibodi ya gari lililofutwa kumbukumbu inakosea upande mbaya kuliko wote: inakwambia una chaji wakati huna.

Baada ya hapo vijiti vikaanza kuzimika. Nikampigia muuzaji. Sikiliza majibu yake, maana na wewe utayasikia. La kwanza: "Hilo ni joto la Dar." Joto kweli ni adui wa betri hizi, kwa sababu Leaf haina mfumo wa maji wa kuipooza betri, inategemea hewa tu, na pwani yetu haina baridi ya kuipumzisha. Lakini hata kule Phoenix, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40, magari yale hayakupoteza vijiti vinne kwa mkupuo ndani ya wiki chache. Joto linakula betri kwa miaka. La pili: "Mnachaji vibaya, soketi ya ukutani inaua betri." Uongo mtupu. Kuchaji polepole nyumbani ndiko kwa upole zaidi kwa betri, kinachoipasha moto ni kuichaji haraka kwa nguvu kubwa mara kwa mara. La tatu, aliposhindwa: "Ulilikagua mwenyewe ukaridhika, soma mkataba." Na kweli mkataba una mstari huo, kwamba mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo lilivyo. Aliuweka pale akijua kabisa anachouza. Mtu anayeuza kitu kizima hahitaji kujikinga na vijiti vitakavyozimika mwezi ujao.

Sijamaliza. Fundi niliyekwenda naye kukagua, niliyemlipa, alichomeka skana yake ya kawaida, akasoma, akasema "hakuna kodi yoyote, gari safi", yaani hakuna namba ya hitilafu iliyorekodiwa. Hakudanganya, ila hakujua kwamba skana ile haikuwa na la kumwambia. Betri kupungua uwezo si hitilafu kwa macho ya gari, haiwashi taa, haiandiki kodi. Betri inaweza kubaki na asilimia 60 na skana ikakaa kimya. Na hawa vijana wa mitandaoni wanaopiga video kwenye mayadi wakisema "betri ya Leaf inadumu milele, angalia vijiti tu", nawaomba kwa moyo mweupe waache. Kuna watu wanachukua mkopo wa Saccos kwa maneno yenu.

Ukweli wa gari letu niliupata kwa jamaa mmoja anayetengeneza Leaf, mtu mwaminifu, alichomeka kidude cha Bluetooth, akafungua kwenye simu programu ya LeafSpy, inayosoma kompyuta ya betri. Betri ya 24 ikiwa mpya inasoma kama 65 kwenye mstari wa AHr, yaani ampea-saa, kiasi cha umeme betri inachoweza kubeba. Yetu, baada ya kompyuta kujifunza upya, ilisoma 40. Gawanya: 61 kwa mia. Kilomita 135 za Wamarekani zikawa 82, kabla ya kuwasha AC. Kibaha hadi Posta na kurudi ni 80. Basi.

Sasa kanuni, na ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote: gari la umeme lililotumika lipime kwa uniti zinazoingia kwenye betri, uniti moja ni kilowati-saa moja. Vijiti vinaandikwa na kompyuta, asilimia zinaandikwa na kompyuta, kilomita zilizobaki zinaandikwa na kompyuta, na kompyuta hiyo imekuwa mikononi mwa muuzaji kabla yako. Kuiuliza ni sawa na kumuuliza muuza maziwa kama ametia maji. Mita ya LUKU, ile ya umeme wa nyumbani wa kulipia kabla, haijawahi kukutana na dalali.

Inafanyika hivi. Mwambie unalitaka gari likiwa limejaa chaji, mia kwa mia. Liendeshe barabara unayoijua, AC ikiwa imewashwa, abiria ndani, kama utakavyolitumia mwenyewe. Usiishie kuzunguka yadi. Endesha mpaka gari lenyewe likupe onyo la kwanza la chaji kuisha, na ujipange onyo hilo likukute karibu na mahali pa kuchaji, usije ukapata yaliyompata mke wangu. Ukiwa njiani tazama asilimia zinavyoshuka. Zikishuka taratibu kwa mwendo mmoja ni dalili njema. Zikishuka kwa adabu mpaka thelathini halafu zikaanza kukimbia, mshukuru Mungu, rudisha ufunguo, usibishane na mtu.

Likishatoa onyo, lichomeke. Zima friji, feni, pasi, kila kitu kingine kwenye mita hiyo, au tumia mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, zinapatikana Kariakoo na si ghali. Andika namba kabla, andika namba baada ya gari kujaa na kukata lenyewe. Betri ya 24 iliyo mpya, kutoka kwenye onyo la kwanza mpaka kujaa, ingekula takriban uniti 20, nikihesabu na umeme unaopotea kama joto kwenye chaja. Ukiona 17 au 18, una betri nzuri kwa umri huo, kaa chini mzungumze bei. Ikifika 15 tu uko kwenye asilimia 80 au karibu yake, bado linafaa kwa safari fupi na kwa bei ya safari fupi. Chini ya hapo, ondoka. La kwetu nililipima baadaye kwa njia hii hii, likajaa kwa uniti kama 11. Vijiti vingeweza kusema 12 au 20, uniti zilikuwa 11.

Gari likiwa na betri ya 30 au ya 40, namba zinakua kwa uwiano, ila njia haibadiliki. Na hizo za 30, zilizoanza mwishoni mwa 2015, zina kisa chao ambacho wauzaji nao wamejifunza kukitumia. New Zealand wananunua Leaf nyingi zilizotumika Japani, kwa vile nao wanaendesha kushoto kama sisi, na mwaka 2018 wamiliki wa huko walikusanya takwimu zao wakaona betri za 30 zinaonekana kuchakaa haraka mno. Nissan wakakubali kwamba kompyuta ya betri hizo ilikuwa inasoma vibaya, wakatoa programu mpya, na magari mengi yakarudishiwa usomaji wa haki. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa "vijiti vilipungua, tukafanya apdeti, vikarudi". Kwa ile ya 30 inaweza kuwa kweli. Kwa ya 24 kama yako hadithi hiyo haina mguu. Kwa zote mbili, uniti zitakwambia.

Najua itachukua muda. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, kwa hiyo uniti 20 ni saa saba hivi, na kwa soketi dhaifu ni usiku mzima. Muuzaji atakwambia haiwezekani, kuna mteja mwingine anakuja saa nane, ana pesa taslimu. Huyo mteja wa saa nane nami niliambiwa habari zake. Mwache aje. Mpe muuzaji elfu hamsini ya usumbufu na ulipe umeme mwenyewe, andikishaneni. Mwenye betri nzima atakubali, kwa sababu kipimo hicho kinampandishia bei. Akikataa kabisa kabisa, kukataa kwake ndiko majibu ya kipimo chako, na hukulipia hata shilingi.

LeafSpy nenda nayo, nisieleweke vibaya. Usiitegemee peke yake kwa mstari wa SOH (asilimia ya uwezo wa betri uliobaki), maana nao unatoka kwenye kompyuta ile ile iliyofutwa, unaweza kukuonyesha 98 ya uongo. Nilichokuja kuelewa ni kwamba thamani yake iko kwenye ukurasa wa seli. Betri ya 24 ina jozi 96 za seli zilizofuatana, na programu inachora volti ya kila jozi kama fito 96 zilizopangwa. Betri ikijaa kila jozi inakaa karibu na volti 4.1, na tofauti kati ya ya juu na ya chini inatakiwa iwe milivolti chache, ishirini au thelathini hivi. Usiangalie gari likiwa limejaa tu, limepumzika yadini, hapo hata mgonjwa anaonekana mzima. Angalia likiwa na chaji ndogo, mwenzako anakanyaga mwendo kwenye kilima. Jozi iliyochoka itazama peke yake wakati nyingine zimesimama. Hiyo huwezi kuifuta kwa programu, ni kemia. Kidude cha kuchomeka usinunue cha bei ya chini kuliko vyote, vingi havizungumzi na Leaf, utasimama yadini unahangaika na muuzaji anakuangalia. Tundu lake liko chini ya usukani.

Kilomita elfu 58 zisikupumbaze. Betri inazeeka kwa kalenda na kwa joto hata gari likiwa limeegeshwa. Leaf ya 2012 iliyotembea kidogo inaweza kuwa hoi kuliko ya 2015 iliyotembea elfu 90, tena kuanzia modeli ya 2015 Nissan walibadilisha kemia ikawa inavumilia joto zaidi. Kwa hiyo la kwako la 2014 uliza limetengenezwa mwezi gani, usikubali jibu la mwaka wa usajili. Na namba ya kilomita zilizobaki inayoandikwa kwenye dashibodi, ile usiitazame kabisa. Inakisia kutokana na jinsi gari lilivyoendeshwa muda mfupi uliopita. Mtu akiliendesha polepole jana yake bila AC, kwenye ECO, ule mwendo wa kubana umeme, asubuhi utaona 140 au 150 inang'aa. Huo ni mwendo wake wa jana.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema betri ikifa unabadilisha. Mimi nilikwenda kuulizia. Betri nzima ya Leaf ya kwanza inakaribia kilo 300, mzigo wa lithiamu unaosafirishwa kwa masharti ya bidhaa hatari, na bei niliyopewa ya iliyotumika lakini nzima ilinifanya nijiulize kwa nini sikununua gari jingine kabisa. Ukibahatika kukuta ni moduli chache, yaani vifurushi vya seli, zilizokufa katika zile 48, fundi mzuri anaweza kubadilisha hizo tu ukaendelea. Yetu ilichoka yote kwa pamoja, hakukuwa na cha kuokoa. Sasa gari linapeleka mtoto shule na kwenda sokoni hapa hapa Kibaha, na kwa kazi hiyo ni gari zuri sana, kimya, rahisi, umeme wake haulingani kabisa na petroli. Sichukii magari ya umeme. Nayapenda, ndiyo maana naumia nikiona yanauzwa kwa ulaghai, kwa sababu kila anayepigwa namna hii anarudi mtaani kusema teknolojia ni mbovu, wakati mbovu ni mtu aliyefuta kumbukumbu ya betri.

Kama unafikiria kuagiza mwenyewe Japani badala ya hilo la yadi, usikubali maneno "vijiti 12" yaliyoandikwa kwenye tangazo. Hata Wajapani wenyewe wanauza kwa hesabu hiyo ya vijiti, wao wanaita segu. Omba picha za LeafSpy zilizopigwa siku hiyo hiyo, ukurasa wa seli uwemo, kilomita za kwenye picha zilingane na za kwenye karatasi ya mnada. Wapo wasafirishaji wanaotoa bila shida. Asiyetoa, pita. Na cheti cha ukaguzi wa kuingiza gari nchini kisikutulize, breki na taa ni jambo moja, uwezo wa betri ni jingine.

Morogoro sahau. Ni karibu kilomita 190 kutoka mjini, na Leaf ya 24 hata ikitoka kiwandani leo isingefika kwa chaji moja. Huyo dalali aliyekwambia "inafika bila wasiwasi" alikupa kipimo kingine cha uaminifu wake bila kujua.

Fanya hivi leo jioni. Mpigie, mwambie utakuja kesho asubuhi gari likiwa limejaa, utaliendesha mpaka litoe onyo, utalichaji kwenye mita unayoichagua wewe, kisha mtalipana. Usimweleze kwa nini. Usitaje neno vijiti. Msikilize tu anavyojibu, halafu andika hapa majibu yake kama alivyoyasema. Kama gari liko Dar na unahitaji kifaa, Jumamosi nitakuwa mjini na cha kwangu kiko kwenye begi, nitakuja tulipime pamoja. Pesa usitume kabla ya hapo.